Kipimo Kinafungwa Wapi?

Mwaka 1986 nguvu za binadamu zilipimwa katika nchi mbili zilizo mbali sana, na sidhani kama waliozipima walikuwa na habari za wenzao.

Ujerumani, mhandisi aitwaye Ulrich Schoberer alianza kutengeneza kifaa cha kufungwa kwenye krenki ya baiskeli, pale mkono wa pedeli unapokutana na gurudumu la meno la mbele. Alikiita SRM. Kabla yake, aliyetaka kujua mwendeshaji anatoa nguvu kiasi gani alilazimika kumpeleka maabara na kumpandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Schoberer aliitoa maabara nje. Mtu aliweza kupanda mlima, kushuka, kupambana na upepo, na wakati wote huo namba ikabadilika mbele yake kwenye usukani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Greg LeMond, Mmarekani aliyekuwa ameshinda Tour de France mara tatu, alikuwa miongoni mwa waendeshaji wa kulipwa wa mwanzo kukitumia.

Mwaka huohuo, Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu wanawake wa Kenya wanaobeba mizigo. Wanawake wa Kiluo walibeba kichwani, wa Kikikuyu walibeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walitembea juu ya mashine huku oksijeni wanayoitumia ikipimwa. Matokeo yaliwashangaza wanasayansi wa dunia nzima: mwanamke aliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wake bila kutumia oksijeni zaidi ya ile anayotumia akitembea mikono mitupu. Akizidisha hapo, gharama ilianza kupanda, lakini bado alibeba hadi asilimia 70 ya uzito wake.

Nimekuwa nikiyaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu yanauliza swali moja kwa njia mbili. Katika tukio la kwanza, kipimo kinafungwa kwenye chombo na namba inamtazama anayetoa jasho. Katika la pili, kipimo kinafungwa kwa mbebaji na namba inakwenda jaridani. Historia ya uwanda wa kati wa Tanzania, ukiisoma kwa jicho hili, ni historia ya vipimo na mahali vilipofungwa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kinachopimwa kwenye kipima nguvu ni kupinda. Ukikanyaga pedeli, chuma cha krenki kinapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ndani yake kumegundishwa nyuzi nyembamba za metali. Mwaka 1856 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alionyesha kwamba waya ukivutwa, ukinzani wake kwa umeme hubadilika. Basi krenki inapopinda, nyuzi zinavutika, umeme unabadilika, na kompyuta ndogo inatambua kani iliyotumika. Kani hiyo huzidishwa kwa urefu wa krenki, kisha kwa kasi ya mzunguko, na jibu linatoka kwa wati.

Wati nayo ina historia yake, na ilianza na biashara. James Watt, Mskoti aliyeboresha injini ya mvuke, alitaka kuwauzia injini watu waliokuwa wakitumia farasi. Ili wamwelewe, alikadiria farasi mmoja anafanya kazi kiasi gani kwa dakika, akaja na kile tunachokiita hadi leo nguvu ya farasi: sawa na wati 746. Farasi wengi hawawezi kuendelea kwa kiwango hicho siku nzima. Mtu mwenye afya anayefanya kazi ya mikono kwa saa nyingi hutoa wastani wa wati 75 hivi, sehemu moja ya kumi ya farasi wa Watt. Wanasayansi wa Uingereza waliipa wati jina lake mwaka 1882. Kwa hiyo namba inayowaka leo kwenye usukani wa baiskeli ya mashindano ilizaliwa sokoni, mtu akimpima kiumbe mwingine ili auze kitakachochukua nafasi yake.

Sasa twende Mlali. Kuna Mlali ya Mvomero, mkoani Morogoro, lakini ninayoizungumzia ni ile ya wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, wilaya iliyomegwa kutoka Mpwapwa. Kwa karne ya 19, jina la Mpwapwa lilijulikana na kila mpagazi aliyetoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Hapo ndipo msafara ulipumzika, ukajaza maji, kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka, na kuingia Ugogo ambako watemi walidai hongo ndipo msafara upite na uchote maji kwenye visima vyao.

Msafara ulikuwa na kipimo chake: ratili 60 hadi 70 kwa mpagazi, yaani kilo 27 hadi 32, mbali na sufuria, mkeka na chakula chake mwenyewe. Ni rahisi kudhani uzito huo uliamuliwa na wenye mali peke yao. Haikuwa hivyo. Wapagazi, hasa Wanyamwezi waliougeuza upagazi kuwa taaluma na fahari ya ujana, waliujua uzito wa mzigo kwa kuunyanyua tu. Aliyezidisha alikuta mzigo umeachwa njiani, au akaamka asubuhi na kukuta nusu ya watu wake wameondoka. Ratili 60 ilikuwa desturi iliyolindwa na mabega ya waliobeba. Kadhalika posho: kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku kilikuwa kipimo kinachojulikana, na kukipunguza kulikuwa mwanzo wa ugomvi. Mzigo ulikuwa na kipimo, chakula kilikuwa na kipimo, na pande zote mbili zilivisoma.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na misafara ya masafa marefu ikafa. Miaka minne baadaye vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na upagazi ukafufuka ukiwa umenyang'anywa desturi zake. Wajerumani walichukua watu, ng'ombe na nafaka kutoka Ugogo. Waingereza walipofika mwaka 1916 wakachukua tena. Jeshi lilihesabu mizigo na tani za chakula kilichokusanywa. Halikuhesabu kilichobaki ghalani mwa mkulima, wala nani atalima msimu ujao ilhali wanaume wenye nguvu wamepelekwa na mizigo kusini. Mvua ziliposhindwa, ilikuja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hadi 1920. Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni kwamba mtu mmoja kati ya watano Ugogo alikufa. Upande wa pili wa nchi, kambi ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza iliacha jina lake kwenye soko tunalolijua wote: Kariakoo.

Ninaitaja Mtunya katika insha ya baiskeli kwa sababu njaa ile ilikuwa, pamoja na mengine yote, kosa la hesabu. Kazi ilihesabiwa kama kitu kisicholiwa. Mwili ukachukuliwa kama injini ambayo mafuta yake yanapatikana bure mahali fulani.

Kosa lilirudi kwa sura nyingine mwaka 1947, safari hii Kongwa kwenyewe. Serikali ya Uingereza ilipanga kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika, na kuanza na Kongwa. Makadirio yalitokana na ziara ya wiki tisa tu ya wataalamu mwaka 1946. Trekta zililetwa, nyingi zikiwa masalia ya vita. Zilikutana na mizizi ya vichaka na mibuyu, halafu udongo ambao kiangazi unakauka kuwa kama saruji na kuwabania karanga ndani. Waliokuwa wakiulima udongo ule kwa jembe la mkono walijua ugumu wake mwezi kwa mwezi, lakini ujuzi huo haukuwa na kizio cha kuandikwa kwenye ripoti. Mpango uliachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea.

Mjomba wangu anaishi Mlali, na anachota maji kwa baiskeli. Baiskeli yake ni Phoenix, nyeusi, ya chuma, yenye karia aliyoichomelea upya ili ibebe madumu manne ya lita 20. Nilipomweleza kwamba kuna kifaa kinachopima nguvu za mwendeshaji, alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza: "Sasa mjomba, hicho kitanibebea dumu la tano?"

Nilimwambia hapana, kitamwambia tu anatumia nguvu kiasi gani.

"Hilo ninalijua," akasema. "Magoti yananiambia."

Hata hivyo, tuseme tumekipata. Vifaa vya siku hizi havifungwi kwenye krenki tu. Vingine viko ndani ya pedeli, na hivyo ndivyo rahisi zaidi kuhamisha kutoka baiskeli moja hadi nyingine. Kwanza unaangalia kama nyuzi za pedeli zinalingana na za tundu la krenki. Pedeli ya kulia inakazwa kwa kuzungushwa kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Ya kushoto inakazwa kinyume, na asiyejua huharibu nyuzi za krenki kwa kulazimisha. Unapaka grisi. Unapima urefu wa krenki kwa rula, kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya pedeli, na kuuandika kwenye simu, maana kukosea milimita tano kwenye krenki ya milimita 170 ni kukosea asilimia tatu ya kila namba itakayofuata. Kisha unairudisha sifuri: baiskeli imesimama, hakuna aliyekanyaga, kifaa kinajifunza hali ya kutobeba kitu. Kazi hiyo hurudiwa kabla ya kila safari, hasa kwetu ambako asubuhi ya Juni ina baridi na saa saba mchana chuma kinachoma kiganja. Joto hubadilisha chuma, na chuma kikibadilika namba hudanganya.

Ukitaka kukihakiki, unahitaji uzito unaoujua. Wenye maduka ya Ulaya hutumia vyuma maalumu. Mlali tungetumia dumu. Lita 20 za maji ni kilo 20, ongeza dumu lenyewe, kama kilo moja. Ulining'inize kwenye pedeli, krenki ikiwa imelala sambamba na ardhi na gurudumu limezuiwa, kifaa kinapaswa kuonyesha kani ya kuzungusha ya nyutoni-mita 35 hivi. Kikionyesha tofauti kubwa, dumu ndilo la kuaminiwa.

Hesabu nyingine haihitaji hata kifaa. Mjomba ana kilo 60, baiskeli 20, maji 80: jumla kilo 160. Tuseme njia inapanda mita tatu katika kila mita 100, naye anakwenda kilomita sita kwa saa. Kuinua uzito huo tu kunadai wati 78. Udongo uliolegea unaweza kudai kiasi kama hicho tena. Tunafika karibu wati 160, zaidi ya mara mbili ya kiwango kile cha mfanyakazi wa kutwa nzima. Akifanya hivyo kwa nusu saa, na kwa kuwa misuli hugeuza takribani robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, safari hiyo imekula kama kilokalori 290, yaani gramu 80 za unga wa mahindi. Safari nne kwa siku ni gramu 320 za sembe ambazo hazikwenda kwenye kitu kingine chochote isipokuwa maji. Huu ndio uhusiano wa kazi na kibaba ambao wapagazi waliujua na ambao maofisa wa vita waliupuuza.

Lakini kuna jambo ambalo kifaa kisingeliona, na ndilo lililonifanya niandike insha hii. Mlima ukizidi, mjomba hakanyagi pedeli. Anashuka, anaweka mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye karia, anainama na kusukuma. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko pote: mshipa wa shingo umesimama, kandambili zinateleza kwenye changarawe. Na hapo ndipo kipima nguvu chetu kingesoma wati 0. Hakuna mguu juu ya pedeli, basi kwa kifaa hakuna kazi.

Kifaa hakijaharibika. Kinapima sawasawa mahali kilipofungwa, na kilifungwa mahali anapofanyia kazi mtu wa mashindano. Ratili 60 zilipima mzigo, kwa sababu mzigo ndio uliokuwa na mwenyewe pwani. Jeshi lilipima tani, kwa sababu tani ndizo zilizohitajika mstari wa mbele. Mpango wa karanga ulipima ekari. Kila kipimo kilikuwa na sifuri yake, eneo kisiloliona, na mara nyingi sifuri hiyo iliangukia mtu anayesukuma.

Hii haimaanishi kwamba namba ni adui. Mfano mzuri wa faida yake alizaliwa jirani. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kujifunza mbio za baiskeli kwa David Kinjah, kijijini nje ya mji wa Kikuyu. Mwaka 2007, akiwa bado anakimbia kwa bendera ya Kenya, alipimwa katika kituo cha chama cha dunia cha mchezo huo, Aigle, Uswisi: wati 420. Mwaka 2015, akiongoza Tour de France, alipanda mlima mmoja kwa kasi iliyowafanya wengi wamshuku. Televisheni ya Ufaransa ilitangaza makadirio ya wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili wake. Timu yake ikatoa namba za kifaa chake: wastani wa wati 414, sawa na 5.78 kwa kilo. Baada ya mashindano alipimwa tena maabara jijini London, na gazeti likachapisha matokeo, wati 419, pamoja na karatasi ile ya 2007. Waliomshuku hawakunyamaza wote. Ila yeye alikuwa na kitu cha kuweka mezani: kijana wa Kenya ambaye hakuna aliyemjua alikuwa tayari na injini ileile miaka minane kabla. Asingekuwa na karatasi hiyo, angebaki na maneno yake tu.

Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Baiskeli zenye vipima nguvu zilipanda vilima ambavyo siku nyingine hupandwa na baiskeli zenye magunia ya viazi na mikungu ya ndizi. Kijana wa Kongwa anayetaka kuonekana na kocha aliye mbali anaihitaji namba, kwa sababu wati 300 za Mlali ni wati 300 za Ubelgiji, na haziulizi pasipoti. Kwa huyo, kifaa cha Schoberer ni mlango, hata kama bei yake inapita bei ya Phoenix kadhaa. Ninachoomba ni kwamba namba yake ikae mkononi mwake, kama karatasi ya Froome, na isiishie kwenye jarida au ofisi ya mtu mwingine.

Na kwa wengine, walio wengi, wasiotaka mashindano, nadhani tunaweza kufanya hesabu bila kifaa. Wahandisi wanapopanga kisima kichimbwe wapi, huandika idadi ya kaya na mita za umbali. Waongeze safu moja: kilo zinazoinuliwa, mita za mwinuko, na unga unaoliwa njiani. Hesabu hiyo inafanyika kwa penseli. Wale wanawake wa utafiti wa 1986 walionyesha kwamba mwili wa mbebaji una ufundi ambao sayansi haikuutarajia. Hawakuonyesha kwamba mzigo ni bure. Baada ya asilimia 20, kila kilo ililipiwa.

Nilimsomea mjomba hesabu ya gramu 80. Alinyamaza kidogo, akawa anahesabu kwa vidole safari za wiki. Kisha akasema kwamba kama ni hivyo, dumu moja katika kila safari anachota kwa ajili ya kupikia ugali wa kwenda kuchota mengine matatu.